Deni la Msasi: Mhadhara kuhusu Kuzijaribu Risasi za Uwindaji



Nimekuja na kisanduku cha kibiriti. Ndani yake mna vitu viwili, kila kimoja kimefungwa kwenye kijikaratasi. Naomba kipite mkono kwa mkono. Kila mtu afungue, aguse, afunge tena, kisha kinirudie kabla hatujaagana.

Cha kwanza ni gamba la shaba lililokunjamana, jepesi, tupu kama ganda la karanga. Kwenye karatasi yake nimeandika: gramu 6.1. Cha pili ni kizito. Mbele kimechanua kama uyoga, shaba imejikunja nyuma kwa ndimi nne, na katikati ya ndimi hizo madini ya risasi yamekaa palepale, yameng'ang'ania shaba kana kwamba yalizaliwa nayo. Karatasi yake inasema: gramu 17.8. Kabla ya kufyatuliwa, kila kimoja kilikuwa na uzito wa gramu 19.4. Vilitoka kwenye bunduki moja ya kaliba .375, msimu mmoja, na kila kimoja kiliingia begani mwa mbogo dume kwa umbali usiozidi mita 70.

Mbogo wa pili alikimbia hatua arobaini akaanguka. Mbogo wa kwanza tulimfuata kwa saa sita.

Tulianza saa tatu asubuhi. Damu ilidondoka tone moja moja, nyekundu iliyokoza, damu ya nyama, si ile nyepesi yenye povu inayotoka mapafuni. Mfuata nyayo wetu, mzee aliyezisoma nyasi kama mwingine asomavyo barua kutoka nyumbani, alinyamaza tangu tone la tatu. Alikwisha kujua. Tulimkuta mnyama saa tisa alasiri ndani ya kichaka, amegeuka kututazama, maana ndivyo afanyavyo mbogo aliyejeruhiwa: hukata kona, akawasubiri wanaomfuata. Siku ile hakuumia mtu. Aliyeumia ni yeye, kwa saa sita. Tulipompasua tulikuta hili gamba limekwama kwenye mfupa wa bega, na madini ya risasi yametapakaa nyamani kama chenga za mchele. Mapafu yalikuwa mazima.

Mlengaji hakukosea. Pigo lilikuwa mahali pake. Kosa lilikuwa letu sote, nalo lilitangulia siku ile: tuliingia porini na risasi ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona imechanua. Tulisoma maandishi ya boksi tukaridhika. Gharama ya ujinga wetu akailipa mnyama.

Neno nililonalo leo ni moja. Risasi inapaswa kujaribiwa kabla mnyama hajaionja, na jaribio lenyewe lianzie kwa mnyama, si kwa risasi. Tukianza na risasi tutapima kilicho rahisi kupima. Tukianza na mnyama tutauliza kinachofaa kuulizwa.

Neno moja, vitu viwili

Kiswahili kimeyapa madini na kitokacho mtutuni jina lilelile: risasi. Neno lilitufikia kutoka Kiarabu, na lilikuwa jina la madini. Lugha yetu imehifadhi kumbukumbu ya zama za gobole, wakati ambapo kilichoruka kilikuwa donge la madini hayo na si kingine. Donge hilo lilifaa. Madini ya risasi ni mazito, sentimita moja ya ujazo ina zaidi ya gramu 11, na ni laini kiasi kwamba ukucha huyakwaruza. Yanaruka kwa uzito wake, yanapogonga yanatanuka.

Mambo yalibadilika mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1886 Ufaransa ilianza kutumia baruti isiyo na moshi katika bunduki za jeshi lake, na kasi ya risasi ikapanda mno. Kwa kasi hiyo madini matupu huchubuka na kupakaa kuta za mtutu. Mswisi Eduard Rubin alikuwa amekwisha kupata dawa mwaka 1882: kuyavika madini gamba la shaba. Tangu hapo risasi ikawa na sehemu mbili, kiini na gamba, na msasi akarithi shida mpya. Gamba likifunika ncha yote, risasi hupita kama sindano, ikaacha tundu dogo na mnyama akaenda kufia mbali. Ncha ikiachwa wazi, risasi huchanua. Lakini ikigonga mfupa kwa kasi kubwa, kiini hukimbilia huku na gamba likabaki kule. Hilo la kiini kuachana na gamba ndilo lililokikuta kipande cha kwanza kibiritini.

Yupo aliyekutwa na jambo hilohilo mbali sana na huku. Mwaka 1946, katika misitu ya British Columbia nchini Kanada, Mmarekani John Nosler alimpiga musi, mnyama mkubwa mwenye pembe pana kama makafi, aliyekuwa ameganda tope mwilini. Bunduki yake ilikuwa .300 Holland & Holland, yenye kasi kubwa. Risasi zilipasuka juu juu bila kufika ndani, akalazimika kupiga tena na tena. Nosler alirudi nyumbani akaunda risasi yenye ukuta wa shaba katikati, vyumba viwili: cha mbele kichanue hata kikimomonyoka, cha nyuma kibaki kizima kikisukuma. Mwaka 1948 akaanza kuiuza kwa jina la Partition, na hadi leo inatengenezwa.

Wengine walipita njia nyingine. Katika miaka ya 1960 Bill Steigers, huko Lewiston katika jimbo la Idaho, alikiunganisha kiini na gamba kwa moto. Miaka ya 1980 Jack Carter wa Texas alifuata njia hiyo na kuongeza kitako kigumu cha shaba. Hizi ndizo risasi ninazoziita risasi za kiini kilicholehemiwa, na ndizo mada yetu.

Fundi bati anayelehemu birika mbele ya duka lake atanielewa upesi kuliko mwanafizikia. Gamba la shaba husafishwa hadi ling'ae, hutiwa dawa ya kulehemu, kisha kiini huwekwa ndani na kupashwa moto. Madini ya risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi. Shaba huhitaji nyuzi 1,085. Kwa hiyo kiini hugeuka maji wakati gamba lingali gumu, kikalamba kuta na kushikamana nazo kila mahali. Baadaye kitu chote hukandamizwa kwenye kalibu kipate umbo lake. Viwanda vingine hutumia umeme: kiini hutumbukizwa kwenye maji yenye chumvi za shaba, na shaba hujipaka juu yake taratibu hadi iwe gamba.

Tofauti yake ni hii. Risasi ya kawaida ni karanga ndani ya ganda: shikamano ni la kubanana tu. Risasi iliyolehemiwa ni embe na kokwa lake: nyuzi zimeingiliana, huwezi kuvitenganisha bila kisu. Lakini moto una deni lake. Shaba iliyopashwa hulainika, na gamba laini huchanua upana kupita kiasi fundi asipolifanya nene au kulikaza upya. Ndiyo maana neno "imelehemiwa" kwenye boksi halitoshi. Linakueleza ilivyotengenezwa. Itakavyofanya ndani ya mnyama ni habari nyingine.

Ndugu wawili, urithi mmoja

Kuchanua na kupenya ni ndugu wawili wanaogawana urithi mmoja, nao ni nguvu ambayo risasi imetoka nayo mtutuni. Anachokula mmoja, mwenzake hakipati.

Chukueni ile risasi ya pili ya kibiritini. Kaliba .375 ni kipenyo cha milimita 9.5. Ikichanua hadi milimita 19, kipenyo kimezidishwa mara mbili, lakini uso unaosukuma nyama umeongezeka mara nne, kutoka milimita za mraba 71 hadi karibu 284. Risasi ileile, kwa uzito uleule, sasa inasukuma mlango mahali ilipokuwa inasukuma dirisha. Tundu ni pana, damu inatoka upesi, mapafu yananywea. Ila breki nayo imekazwa mara nne.

Hapo uzito uliobaki unapata kazi yake. Kinachoisukuma risasi pana mbele ni uzito ulio nyuma ya ule upana. Ikichanua na kubaki na gramu 17.8, itasafiri. Ikichanua kwa upana uleule ikabaki na gramu 6, itasimama karibu na mlango.

Kutoka hapa watu huruka hadi kwenye hitimisho lisilo sahihi. Husema: basi inayobakiza uzito mwingi ndiyo bora. Matangazo yanalishikilia hilo, asilimia 90, asilimia 95, kwa sababu mizani ya sonara inatosha kulithibitisha. Tazameni risasi ya Nosler: sehemu yake ya mbele humomonyoka, kwa kawaida hubakiza takriban theluthi mbili ya uzito, na kwa zaidi ya miaka 70 imekuwa ikiwaangusha wanyama upesi, kwa kuwa chumba cha nyuma huendelea na safari. Na ipo risasi itakayobakiza asilimia 100 kwa sababu haikuchanua kabisa: imepita kama msumari, imeokotwa nzima upande wa pili, na mnyama ametokomea porini. Mizani itaisifu. Mfuata nyayo atakueleza mengine.

Uzito uliobaki, upana na kina ni mashahidi watatu. Hukumu haitolewi kwa kumsikiliza mmoja.

Tupige kwenye nini?

Hatuwezi kujaribia kwa mnyama hai. Hilo ndilo tunalolikimbia. Tunahitaji kitu cha kumwakilisha, na kila mwakilishi ana ukweli wake na uongo wake.

Maji ni ya kwanza kwa urahisi. Panga madumu ya lita tano kwa mstari, yajaze hadi juu, piga. Maji hayabonyei, kwa hiyo huifungua risasi kwa ukali na kwa namna ileile kila mara. Ukitaka kujua kama risasi itachanua, na kama kiini kitaachana na gamba, madumu yatakujibu kwa gharama ya plastiki. Lakini usihesabu madumu ukasema huo ndio mpenyo ndani ya mnyama. Majini risasi huenda mbali kuliko nyamani, kwa sababu maji hayana nyuzi za kuikamata.

Magazeti yaliyolowekwa usiku kucha ni ya pili. Haya ni makali, hukwangua kiini, na risasi dhaifu huumbuka humo haraka. Ubaya wake ni kwamba bunda la leo si bunda la kesho: moja limenywa maji zaidi, jingine limekazwa zaidi. Yatumie kulinganisha risasi mbili kwenye bunda moja, siku moja, saa moja.

Ya tatu ni jelatini, nayo inataka subira. Ni unga utokanao na ngozi na mifupa ya wanyama, sehemu moja ya unga kwa sehemu tisa za maji, kwa uzito. Daktari wa upasuaji Martin Fackler, aliyeongoza maabara ya majeraha ya jeshi la Marekani huko San Francisco katika miaka ya 1980, ndiye aliyeupa utaratibu huu heshima yake. Alilinganisha alichokiona kwenye bonge la jelatini na alichokiona kwenye misuli ya wanyama, akasisitiza mambo mawili: unga usichemshwe, maana joto likizidi nyuzi 40 huanza kuuharibu, na bonge lipigwe likiwa na nyuzi 4.

Kisha kuna hatua ambayo wengi huiruka. Kabla ya kupiga risasi yako, piga bonge kwa gololi ya chuma ya milimita 4.5 kutoka bunduki ya upepo, kwa kasi ya karibu mita 180 kwa sekunde. Ikizama sentimita 8.5, pungufu au zaidi kwa sentimita moja, bonge lako ni halali. Ikizama 12, jelatini imelainika, na kila namba utakayoandika siku hiyo itakuwa ya kujidanganya. Kwa joto letu la mchana, bonge lililotolewa kwenye jokofu halidumu muda mrefu. Nimewahi kuona bonge lililowekwa juani wakati watu wanatafuta ufunguo wa geti. Waliporudi lilikuwa linatoa jasho kama mbeba zege, na bado walitaka kulipiga. Gololi ndiyo iliyowarudisha kwenye jokofu.

Maswali ya kuiuliza risasi

Tuseme uwanja upo, nyuma kuna ukuta mnene wa udongo, kila mtu ameziba masikio, na bonge ni halali. Tunaiuliza nini risasi?

Swali la kwanza: ukienda polepole utafunguka? Watu hupenda kujaribu kwa umbali wa karibu, kwa kuwa ndipo mambo hupasuka kwa kishindo. Tuichukue .30-06, kaliba ya mwaka 1906 inayojulikana dunia nzima. Risasi yake ya gramu 11.7 hutoka na kasi ya karibu mita 820 kwa sekunde, na ikifika mita 300 imebaki na kama 650. Risasi nyingi za kiini kilicholehemiwa huhitaji karibu mita 550 kwa sekunde ili zichanue sawasawa. Anayewinda pofu kwenye mbuga wazi akae karibu na mpaka huo katika majaribio yake, maana hapo ndipo risasi ngumu hugeuka msumari.

Swali la pili: ukienda kwa kasi mno utasalimika? Hapa wanafunzi hushangaa. Risasi ileile mara nyingi hupenya kina kifupi ikipigwa karibu kuliko ikipigwa mbali. Kasi zaidi huifanya ichanue upana zaidi, huimomonyoa zaidi, na breki hukazwa mapema. Mwenda pole hufika mbali ni neno la safari, lakini ukipima makovu ndani ya jelatini utaiona imechorwa. Kulehemu kulibuniwa kwa ajili ya swali hili hasa: pigo la karibu, kasi kubwa, mfupa mbele.

Wako wanaopunguza baruti ili wapige karibu kwa kasi ya mbali. Ni mbinu nzuri, ila ina kasoro. Mtutu una mifereji inayoizungusha risasi. Ukiwa na mzunguko mmoja kwa kila sentimita 25.4, risasi inayotoka kwa mita 820 huzunguka zaidi ya mara 3,200 kwa sekunde. Ikisafiri mita 300 hupoteza kasi nyingi ya kwenda mbele, lakini mzunguko wake hupungua kidogo tu. Uliyoipunguzia baruti imetoka ikizunguka polepole tangu mwanzo. Mzunguko husaidia kufungua ndimi na kuiweka risasi imenyooka, kwa hiyo risasi hizo mbili hazilingani kabisa. Penye nafasi, piga kwa umbali wenyewe.

Swali la tatu: utarudia? Pigo moja ni bahati. Piga tatu kwa kila kasi, ukiweza tano. Andika kina, upana kwa kupima pande mbili za uyoga, uzito uliobaki, na mahali tundu lilipoanza kupanuka ndani ya bonge. Hilo la mwisho lina maana kubwa kwa wanyama wetu: kwa swala pala mwembamba unataka risasi ifunguke mapema, kwa mbogo unataka isimalize urithi wote kabla ya mbavu. Na andika pigo baya kama ulivyoandika zuri. Risasi inayofanya vizuri mara nne na kuvunjika mara moja ina neno la kutueleza kuhusu mnyama wa tano.

Jaribio lililojibu swali la mwingine

Niwape mfano wa jaribio lililobadilisha sheria ya dunia, ili muone uzito wa kuuliza vibaya.

Katika miaka ya 1890 Waingereza walitengeneza huko Dum Dum, karibu na Calcutta nchini India, risasi ya kijeshi yenye ncha iliyoachwa wazi kidogo. Mwaka 1898 daktari bingwa wa upasuaji wa Ujerumani, Paul von Bruns wa Tübingen, alichapisha majaribio ya risasi zenye ncha ya madini ya risasi, na majeraha aliyoyaonyesha yalitisha. Lakini alizopiga zilikuwa risasi za uwindaji, zenye ncha iliyoachwa wazi zaidi sana kuliko ile ya Dum Dum. Picha zake zikasomwa kama ushahidi dhidi ya risasi ambayo hakuipiga. Tarehe 29 Julai 1899, mkutano wa The Hague ulitoa azimio la kupiga marufuku vitani risasi zinazochanua mwilini mwa binadamu.

Naliheshimu azimio lile, na ninaamini lilikuwa jema. Lakini kwa mpimaji lina somo: jaribio lilikuwa la kweli, namba zilikuwa za kweli, na kilichojaribiwa kilikuwa kingine. Kila mara mtu anapopiga risasi kwenye madumu na kusema "basi inamfaa mbogo", anarudia kosa hilo.

Lina somo la pili, zito zaidi. Risasi inayokatazwa vitani kwa binadamu ndiyo inayotakiwa kwa mnyama, na sababu zote mbili ni huruma. Askari aliyepigwa tunataka apone. Mnyama aliyepigwa hatuna daktari wa kumpeleka. Huruma pekee iliyobaki ni kumfupishia. Kwa hiyo anayebeba risasi inayochanua amebeba ahadi, kwamba itachanua palipokusudiwa, na itafika.

Bonge halina ngozi

Sasa turudi kwa mnyama, maana nilisema jaribio huanzia kwake.

Wachuna ngozi mliomo humu mnajua mahali risasi nzuri inapopatikana mara nyingi: chini ya ngozi ya upande wa pili, imevimba kama jipu, unaipapasa kwa kidole kabla hujatia kisu. Imevuka bega, mbavu, mapafu, mbavu tena, ikakosa nguvu ya mwisho ya kuitoboa ngozi, kwa kuwa ngozi hunyumbuka na kuidaka kama wavu. Bonge la jelatini halina ngozi. Halina mfupa, ambao huibana ndimi za shaba na kuzivunja. Halina tumbo lililojaa nyasi mbichi zilizotafunwa, ambalo huinyonya risasi kama gunia la mchanga lililolowa, na ambalo ndilo lililo mbele yako mbogo akiwa amekupa mgongo kwa mshazari.

Walioelewa hili mapema walikwenda kuutazama mwili. W. D. M. Bell, Mskochi aliyejulikana kwa jina la Karamojo kwa sababu ya safari zake kaskazini mashariki mwa Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, aliua zaidi ya tembo 1,000, wengi kwa bunduki ndogo ya .275 na risasi ngumu zisizochanua. Idadi hiyo leo inatuuma, na ni haki ituume. Lakini angalieni kilichomwezesha: alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili aone ubongo umekaa wapi na njia ya kuufikia ni ipi kwa kila pembe. Alianza na mnyama, risasi ikafuata.

Kwa hiyo sheria inayoweka kaliba .375 kuwa ndogo kuliko zote kwa wanyama hatari nchini Tanzania ni kizingiti cha mlangoni tu. Ndani ya kaliba hiyo zimo risasi za aina zote mbili zilizo kwenye kibiriti changu. Sheria ilituruhusu kubeba ya kwanza. Ujuzi ndio ungetuzuia.

Yanayobaki nyuma yetu

Kuna jambo jingine ambalo kipimo cha uzito hutuonyesha tukikigeuza upande. Tusiulize kilichobaki kwenye risasi tu. Tuulize kilichopotea kimekwenda wapi. Gamba lile la gramu 6.1 liliacha gramu 13.3 mahali fulani. Ziliingia kwenye nyama tuliyogawa kijijini na kwenye matumbo tuliyowaachia tumbusi.

Madini ya risasi ni sumu, kwa mtoto zaidi kuliko mtu mzima. Nchini Botswana watafiti waliopima damu ya tumbusi waliikuta na madini hayo, na viwango vilikuwa juu zaidi kwenye maeneo na misimu ya uwindaji. California imepiga marufuku risasi za madini haya kwa uwindaji wote tangu Julai 2019, baada ya miaka mingi ya kuwapoteza kondori. Kulehemu kunapunguza chenga, hakuzimalizi: hata ile ya pili imepoteza gramu 1.6. Ndiyo sababu tangu mwaka 1989, Randy Brooks wa kampuni ya Barnes alipoleta sokoni risasi ya shaba tupu, wasasi wengi wamehamia huko. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, nayo ni ngumu zaidi kuchanua kwa kasi ndogo. Kwa hiyo swali langu la kwanza linaihusu kuliko zote. Ijaribiwe vilevile, bila upendeleo.

Daftari

Ndugu zangu, siwaombi maabara. Naomba daftari katika kila kambi.

Kila mnyama akichunwa, risasi itafutwe. Iandikwe aina yake, umbali, mnyama alivyosimama, mifupa iliyovukwa, viungo vilivyofikiwa, mahali ilipopatikana, uzito na upana wake. Mchuna ngozi atajwe jina, kwa maana yeye ndiye mpimaji wa kweli, na mikono yake imeona mapigo mengi kuliko macho yangu. Misimu mitatu ya madaftari hayo, yakiwekwa pamoja na mabonge yetu ya jelatini, yatatufundisha kuhusu mbogo na pofu wa pori letu mambo ambayo hakuna boksi litakaloyaandika.

Na iwepo safu moja ambayo sikuiona kwenye jedwali lolote la kiwanda: muda. Tangu mlio wa bunduki hadi pumzi ya mwisho.

Naona kibiriti kimerudi. Asanteni kwa kukitunza. Kwenye karatasi ya kipande cha kwanza niliandika uzito peke yake, na imekaa hivyo miaka yote hii. Mwenye kalamu aniazime. Naongeza hapa, chini ya gramu 6.1: saa sita.